Faili lako halijapotea, Hamisi

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Nimefurahi kusikia hatimaye mmepata klasta ofisini, yaani kundi la mashine zinazofanya kazi kwa pamoja, na kwamba inaendeshwa kwa LSF, programu inayogawa kazi kwa mashine hizo. Unasema programu ilimaliza bila kulalamika, lakini faili la matokeo hulioni. Nami yalinikuta hayohayo mwaka wangu wa kwanza, nikakesha nikilitafuta.

Ulipotanguliza lsrun kwenye amri yako, LSF ilizipima mashine zote, ikaichagua yenye nafasi, ikaipelekea kazi. Majibu yanakuja kwenye skrini yako, ukibonyeza Ctrl-C kazi inakatika, na folda ni ileile uliyokuwemo, kwa hiyo huhisi kwamba umetoka kwenye mashine yako. Lakini wewe uliiagiza programu iandike kwenye /tmp, folda ya faili za muda. Folda yako ya nyumbani inaonekana kotekote kwa kuwa mashine zinaichangia kupitia mtandao, ila /tmp kila mashine ina yake. Andika hivi, ukitaja mashine zenu zote:

lsgrun -m "mashine1 mashine2 mashine3" ls -l /tmp/matokeo.txt

Itapita moja baada ya nyingine. Ikilipata, tuma cp, amri ya kunakili, kwa lsrun -m (-m hutaja mashine unayoitaka) kwenye mashine hiyohiyo, ulihamishie nyumbani. Fanya leo, maana /tmp hufagiliwa. Siku nyingine ongeza -v kwenye lsrun, utatajiwa jina la mashine iliyopewa kazi.

Sasa lile lililonifanya nikuandikie kwa urefu. Umesema kuanzia sasa utaibana kila kazi kwa -m kwenye mashine moja unayoijua. Nakusihi usifanye hivyo. Kwenye kila mashine kuna programu ndogo, LIM, inayopima mzigo muda wote. Fungua lsload uone: r1m ni wastani wa foleni ya kazi kwenye prosesa kwa dakika moja, mem ni kumbukumbu iliyo wazi, it ni dakika tangu mtu aguse kibodi. LIM ikishatoa mashine kwa kazi moja, huipandishia hesabu ya mzigo kwa muda, ili mwenzako anayefuata sekunde chache baadaye asiangukie hapohapo. Ukitumia -m umeipita hesabu yote hiyo. Nimeona ofisi nzima ikigombania mashine moja iliyozoeleka, kila herufi ikichelewa kutokea kwenye skrini, huku za jirani zimekaa bure.

Taja unachohitaji badala ya jina. Kama kazi inakula kumbukumbu, andika -R "mem>8000", utapewa mashine yenye zaidi ya megabaiti 8000 zilizo wazi.

Na ile kazi yako inayochukua muda wa saa tisa usiitume kwa lsrun kabisa, maana itafungamana na terminali yako, lile dirisha unaloandikia amri, na umeme wa kwenu naujua. Itume kwa bsub, amri inayoiweka kazi kwenye foleni ya LSF ijiendeshe yenyewe, na -o, inayotaja faili la kuandikia majibu, ielekee folda ya nyumbani, kisha nenda kalale. Asubuhi bjobs itakuonyesha kama bado iko PEND (inasubiri) au imefika RUN (inaendeshwa), na bpeek itakuchungulisha ilichokwisha kuandika.

(Ukikuta maelezo ya zamani yanataja Platform Computing, ni LSF hiyohiyo. IBM iliinunua kampuni hiyo mwaka 2012.)

Niandikie ukishalipata, unitajie lilikuwa mashine gani.

Wako,
Salum