Mtoto hupangiwa kufeli kabla hajaketi kwenye dawati

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita mlichapisha barua ya msomaji aliyeandika kwamba watoto wa makabila fulani hawafanyi vizuri shuleni kwa kuwa wazazi wao hawajali elimu. Nilifundisha Hisabati miaka 29, katika madarasa yenye watoto wa makabila mengi, kabla ya kustaafu. Barua ile imeninyima usingizi. Maneno yake niliyasikia ofisini mwa walimu mwaka hadi mwaka, na kuna siku niliyatamka mimi mwenyewe.

Nieleze nililolifanya kwa mkono wangu. Kila mwanzo wa mwaka tuligawa wanafunzi wapya katika mikondo mitatu ya Hisabati. Jaribio la dakika 40 lilikuwepo, lakini orodha yenyewe ilipangwa kwa maongezi. Huyu nilimfundisha kaka yake, alikuwa msumbufu. Huyu kwao hesabu haziwaingii. Wa jamii ile hushika haraka, mpelekeni mkondo wa kwanza. Kazi ilikwisha kwa mchana mmoja, na mchana huo uliamua miaka minne ya mtoto, kwa sababu mkondo wa tatu hatukuufundisha mada za mwisho za silabasi. Tuliona zitawachanganya tu. Mtihani ulipokuja na maswali ya mada hizo wakafeli, nasi tukatikisa vichwa na kusema tulijua tangu mwanzo.

Mwaka mmoja mwalimu mgeni alipendekeza karatasi za jaribio ziandikwe namba badala ya majina. Wengi tulinung'unika. Karatasi namba 17 niliipa alama 81. Swali la sehemu alikuwa amelitatua kwa kuchora, kwa njia ambayo sijawahi kumfundisha mtu, nami niliirudia mara mbili kuhakikisha. Tulipofungua orodha ya majina nikakuta ni msichana ambaye siku ya kwanza, baada ya kusikia lafudhi yake tu, nilikuwa nimemwandikia kwa penseli kwenye daftari langu: mkondo wa 3.

Nilianza kusoma baada ya hapo, na nilichosoma kilinitesa zaidi. Mwaka 1968 watafiti wawili, Robert Rosenthal na Lenore Jacobson, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika shule moja ya msingi huko California. Waliwaambia walimu kwamba wanafunzi fulani, kama mmoja kati ya watano, wangepiga hatua kubwa mwaka ule. Majina yale yaliokotwa kwa bahati nasibu. Mwisho wa mwaka, hasa katika madarasa ya chini, watoto waliotabiriwa mema walikuwa wamepanda kuliko wenzao katika kipimo cha akili. Wapo wataalamu waliolikosoa jaribio lile, na kubishana kuhusu ukubwa wa athari hiyo hakujaisha. Mimi sikuhitaji hoja zao ili niamini. Nilikumbuka nilivyomsubiri mtoto niliyemwona mwerevu afikiri, na nilivyomkatiza mwingine kabla hajamaliza sentensi nikamwita jirani yake. Nilikumbuka pia kelele zile zile zilivyokuwa uchangamfu kwa huyu na utovu wa nidhamu kwa yule, na nani aliyetolewa nje ya darasa siku tulipofundisha milinganyo.

Uingereza walilipitia jambo hili wazi wazi. Mwaka 1971 Bernard Coard, mwalimu kutoka Grenada, alieleza jinsi watoto wa asili ya Karibi walivyokuwa wakirundikwa katika shule za waliohesabiwa kuwa na akili pungufu, wakipimwa kwa vipimo na walimu wasioelewa lugha yao wala maisha yao. Mwaka 1981 kamati ya serikali iliyoongozwa na Anthony Rampton ikakiri kwamba ubaguzi wa walimu, hata ule wasioukusudia, ulichangia watoto hao kubaki nyuma. Hata leo England mtihani wa Hisabati wa sekondari una ngazi mbili, na anayesajiliwa ngazi ya chini hawezi kupata zaidi ya daraja la 5 kati ya 9 (9 ndilo la juu kabisa), hata akipata kila swali. Anayeamua asajiliwe wapi ni shule.

Nao Simon Burgess na Ellen Greaves, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, walilinganisha tathmini za walimu wa England na alama za mitihani iliyosahihishwa na watu wasiowajua watoto. Baadhi ya makundi, wakiwemo watoto weusi wa asili ya Karibi, yalipewa na walimu wao chini ya yale waliyoyapata kwenye mtihani. Makundi mengine yaliongezewa. Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu nikaenda kutembea.

Sikatai kwamba umaskini upo. Mtoto mwenye njaa hasomi vizuri, na mzazi anayetoka kazini usiku hana nguvu za kukagua daftari. Lakini umaskini haupangi mikondo, wala hauchagui viranja. Tena msomaji wenu anaposema "hawajali elimu," naomba ajiulize ni mara ngapi amewaona wazazi hao wakiitwa shuleni kwa jambo jingine lisilo kosa la mtoto wao. Mtu anayeitwa kukemewa tu, mwisho haji.

Wakuu wa shule wanaosoma gazeti hili nawaomba kitu kidogo kisichohitaji bajeti. Chukueni orodha za mikondo, za waliosimamishwa masomo na za viranja, mhesabu kimyakimya ni watoto wa jamii gani wamejaa wapi. Majaribio ya kugawa mikondo yasahihishwe kwa namba. Mikondo ipitiwe upya kila muhula, na kila mkondo ufundishwe silabasi nzima.

Namba 17 alihamishiwa mkondo wa kwanza wiki ile ile. Watoto wa kabila lake niliowapanga miaka iliyotangulia hawakuhamishwa, na karatasi zao zilikuwa zimeshachomwa.

Mwalimu mstaafu wa Hisabati