Mtu mwenye busara tunamwandikaje kwa Kiingereza?

Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, barua za maombi ya kazi zimekuwa sehemu kubwa ya kazi tunazotafsiri. Karibu kila barua ya mdhamini ina sentensi hii: ndugu huyu ni mwaminifu, mchapakazi na mwenye busara. Uaminifu na uchapakazi havitusumbui. Hilo neno la tatu ndilo linalotufanya tumpigie mteja simu, na wapo wanaoshangaa kwa nini tunauliza jambo lililo wazi.

Mzee mmoja, katibu wa kikundi cha wakulima wa zabibu upande wa Hombolo, alituletea barua ya kumdhamini binti aliyekuwa mweka hazina wao. Binti alikuwa anaomba kazi ya uhasibu kwenye shirika linalotumia Kiingereza. Programu ya simu ilikuwa imeshaandika “she is wise”. Kisarufi hapana kosa. Ila “wise” ni neno zito, la hekima ya mtu aliyeona mengi, kama mzee anayeitwa kusuluhisha ugomvi wa mirathi. Kwa kijana anayeomba kutunza vitabu vya fedha, halimwambii mwajiri chochote kuhusu kazi yake.

“Shikamoo mzee. Huyu binti alifanya nini hadi mkamwona ana busara?”

“Marahaba. Alitukatalia kugawana hela.”

Zabibu huku huvunwa mara mbili kwa mwaka. Baada ya mavuno ya kwanza wanachama walitaka fedha yote igawanywe, kila mtu akitegemea msimu wa pili. Binti akasimama kikaoni, akasoma daftari lake mstari kwa mstari, akaomba sehemu ibaki kwa ajili ya dawa. Baadaye ubwiri, ugonjwa wa ukungu, ukaingia mashambani, na fedha ya dawa ilikuwepo.

Kwa kisa hicho neno ni “prudent”. Mzizi wake ni wa Kilatini, wenye maana ya kuona mbele, na hadi leo linabeba hadhari ya mtu anayejiandaa kabla ya shida. Wahasibu wanayo hadhari hiyo kama kanuni ya kazi: faida ambayo haijapatikana usiihesabu, hasara inayoonekana inakuja iandike mapema. Mwajiri wa mhasibu akilisoma anasikia lugha ya fani yake. Tuliliandika, tukaongeza na kisa chenyewe kwa sentensi mbili, kwa sababu sifa isiyo na tukio haiaminiki.

“Sensible” ni jirani yake, lakini hilo ni la mtu asiye na makuu, anayefanya linalofaa kwa hali iliyopo. Linampendeza muuguzi wa zamu au mtunza stoo. Waliosoma kwa Kifaransa, Burundi au Kongo, waliangalie vizuri: kwa Kifaransa neno linaloandikwa hivyohivyo ni la mtu mwepesi wa kuguswa moyoni. “Judicious” tunaliweka zaidi kwenye ripoti, kusifu uamuzi au matumizi ya fedha za mradi.

Penye hatari ni “shrewd”. Ni werevu wa kibiashara, wa mtu asiyepunjwa bei ya alizeti. Ila enzi za Shakespeare lilikuwa pia neno la ubaya na ukali, na kivuli hicho hakijaisha. Kwa afisa mauzo tunalikubali. Kwa mtu atakayeshika fedha za wenzake tunalikataa hata mteja akilipenda, maana msomaji atajiuliza werevu huo ulimnufaisha nani. Hapo “astute”, la mtu mwepesi wa kung'amua mambo, ni salama zaidi.

Kuna “discreet”, sifa ya katibu muhtasi anayejua kutunza siri za ofisi. Likiandikwa “discrete” limekuwa neno jingine, la vitu vilivyotengana, na kompyuta huenda isikuonye kwa sababu yote mawili ni maneno sahihi.

Ndugu yake, “discretion”, ndiye anayewaumiza watu kwenye mikataba. Linaweza kuwa usiri, busara, au mamlaka ya kuamua. Mpangaji mmoja alituletea mkataba wa nyumba wa Kiingereza pamoja na tafsiri aliyofanyiwa kwingine. Kifungu cha kodi kilisema itapandishwa “at the landlord's discretion”, na tafsiri ikaandika “kwa busara ya mwenye nyumba”. Mama wa watu alisaini akiamini ameahidiwa kufikiriwa kwa busara. Kilichoandikwa ni kwamba mwenye nyumba ataamua mwenyewe. Tafsiri iliyo sawa ni “kwa uamuzi wa mwenye nyumba”, na mtu akiisoma hivyo anapata nafasi ya kujadiliana kabla ya kuweka sahihi. Kama una mkataba wenye neno hilo, tafadhali ulete tuusome pamoja kabla hujasaini.

Kwa barua za udhamini, njoo na rasimu ya Kiswahili, tangazo la kazi, na namba ya mdhamini ambaye atapatikana kwa simu siku hiyo. Mwombe akumbuke tukio moja alilolishuhudia kwa macho yake. Walioko Kondoa, Mpwapwa na Manyoni watume kwa WhatsApp, nasi tutampigia mdhamini kabla ya kuanza kuandika.