Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Michezo: badala ya kumtoa kwotabeki, tutafutie kocha wa ukuta

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: KOCHA WA UKUTA WA TIMU YETU YA MPIRA WA MAREKANI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama wa kijana anayevaa jezi namba 64 katika timu ya sekondari yako hapa Ohio, Marekani. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nyumba nyingi za wachezaji wako siku hizi ni za Waswahili, watu wa Kigoma, Uvira, Bujumbura na Mombasa, na napenda wazazi wenzangu wajue ninachokuambia. Nakala ya Kiingereza, aliyoitafsiri binti yangu, nimeiacha kwa katibu wako.

Ijumaa iliyopita nilikaa safu ya tatu, nyuma kabisa ya benchi letu. Robo ya pili, kwotabeki wetu, yaani mrushaji wa mpira, mtoto wa miaka 16, alirudi nyuma hatua tano, akainua mpira, na kabla mkono haujafika sikioni akawa chini na watu wawili juu yake. Alipoinuka, nyasi zilikuwa zimejaa kwenye vyuma vya kofia yake. Akawa anazichomoa kwa vidole huku akirudi kwa wenzake. Nyuma yangu mzee mmoja akapaza sauti: "Mtoeni huyo!" Baada ya mapumziko mkamtoa kweli. Aliyeingia badala yake akaangushwa mara ya kwanza tu aliposhika mpira.

Mwanangu ni gadi wa kushoto, mmoja wa wale watano wa mbele wanaomkinga kwotabeki. Mmoja wa wale wawili walioangukia kwotabeki alipitia kwake. Nalisema hili mapema na kwa mdomo wangu, ili pasiwe na mtu wa kudhani nimeandika kumtetea mtoto wangu. Usiku ule alikaa mezani, wali umepoa mbele yake, akaniambia: "Mama, nilichelewa hatua moja." Nikamuuliza nani anamfundisha hiyo hatua. Akanyamaza.

Mimi nimekulia Kigoma, na mpira nilioujua ni wa miguu. Mwaka wa kwanza nilikuwa naufuata mpira kwa macho kama kila mtu, uko kwa nani, umerushwa wapi, na sikuelewa kitu. Mwaka wa pili nikaacha kuutazama mpira nikawa namtazama mwanangu peke yake, na hapo ndipo nilipoanza kuuelewa mchezo. Wale watano wa mbele, ambao sisi wazazi tunawaita ukuta, hawagusi mpira, isipokuwa senta anayeupitisha katikati ya miguu yake. Hawafungi. Aghalabu namba zao hutajwa kwenye kipaza sauti wanapokosea tu: yadi 10 kwa kumshika mpinzani, yadi 5 kwa kutikisika kabla ya mpira kutoka. Lakini hakuna pasi nzuri wala mbio nzuri isiyoanzia kwao.

Kwotabeki anahitaji kama sekunde mbili na nusu, tatu akibahatika. Mpokeaji anayetumwa yadi 20 mbele anazihitaji sekunde hizo zote ili afike. Ukuta ukipasuka mapema, pasi hiyo ifute kwenye daftari la kocha. Zinabaki pasi fupi, za yadi nne au tano. Wapinzani nao si wajinga, wanasogea mbele na kubana, na hizo fupi zinakauka. Basi mnampa mpira mkimbizaji, naye anakutana na mtu kabla hajafika hata pale mpira ulipoanzia. Mna majaribio manne ya kupata yadi 10. La kwanza mmepoteza mbili, la pili mmepata moja, la tatu mnadaiwa 11. Hapo uwanja mzima unajua kwamba mtarusha, na wale wanaomjia kwotabeki hawana tena haja ya kujiuliza kama mpira atapewa mkimbizaji. Wanakuja tu.

Kocha akiona hivyo anabakiza mtu wa sita nyuma asaidie kuzuia, halafu wa saba. Ndiyo, kwotabeki anapata nafuu kidogo. Lakini wapokeaji sasa ni watatu, na wapinzani wanaweza kuwawekea walinzi saba. Ndiyo maana nasema ukuta dhaifu hauharibu idara moja. Unaharibu pasi ndefu, pasi fupi, mbio, na hata hesabu ya watu uwanjani.

Kubwa kuliko yote ni linalomtokea mtoto mwenyewe. Aliyeangushwa mara nyingi macho yake hubadilika. Haangalii tena nani yuko wazi, anaangalia nani anamjia. Miguu haitulii. Siku ukuta unapomkinga vizuri, bado anautupa mpira haraka, kwa sababu mwili wake unakumbuka. Watu jukwaani wanasema hana moyo. Mimi nimemwona akichomoa nyasi kofiani na kurudi kusimama palepale, Mheshimiwa. Moyo anao.

Hapa Ohio mfano hauko mbali. Kwotabeki Joe Burrow alisoma sekondari Athens, jimbo hili hili. Cincinnati Bengals, timu ya kulipwa, walimchagua wa kwanza kabisa mwaka 2020, katika zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, na tarehe 22 Novemba mwaka huohuo goti lake la kushoto likaharibika uwanjani, akiwa amesimama kurusha mpira. Mwaka uliofuata Bengals walikuwa na nafasi ya tano ya kuchagua. Mjadala ulikuwa mkali: wamchukue mpokeaji Ja'Marr Chase, aliyecheza na Burrow chuoni LSU, au mtu wa ukuta, Penei Sewell? Wakamchukua Chase. Sisemi walikosea, maana Chase msimu ule wa kwanza alipata yadi 1,455. Ninachosema ni kwamba ukuta walikwenda nao hivyohivyo, na msimu ule Burrow akaangushwa mara 51 kabla hata ya mechi za mtoano.

Tarehe 22 Januari 2022, huko Nashville, wapinzani wakamwangusha mara 9 katika mechi moja. Bengals walishinda 19 kwa 16, na nadhani ushindi ule uliwafanya watu wengi waamini kwamba kipaji kinatosha. Wiki tatu baadaye ikaja Super Bowl, fainali ya ligi, dhidi ya Los Angeles Rams. Mara 7 chini. Mpira wa mwisho wa Bengals nautazama hadi leo kwenye simu yangu. Wako nyuma 23 kwa 20, jaribio la nne, inatakiwa yadi moja tu. Upande mmoja Chase anampita mlinzi wake, yuko wazi, uwanja uko mbele yake. Lakini Aaron Donald wa Rams ameshapenya ukuta na kumkamata Burrow kiunoni. Burrow anazungushwa, anautupa mpira akiwa anaanguka, mpira unagusa nyasi. Mrushaji alikuwepo, mpokeaji alikuwepo tena wazi, kilichokosekana ni sekunde moja. Simjui mtu anayeweza kutazama picha ile akaniambia tatizo lilikuwa kwotabeki.

Kansas City Chiefs yaliwapata hayohayo mwaka mmoja kabla. Tarehe 7 Februari 2021 waliingia Super Bowl bila watu wao wawili wa pembeni za ukuta, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, wote majeruhi. Kwotabeki wao, Patrick Mahomes, alikimbia huku na huko usiku kucha, na timu ile iliyozoea kufunga watakavyo haikupata tachidauni, lile bao kubwa la kuufikisha mpira mwisho wa uwanja, hata moja. Walifungwa 31 kwa 9. Hawakumlaumu Mahomes. Walibadilisha ukuta wote, watu watano wapya walioanza msimu uliofuata. Februari 2023 wakakutana kwenye Super Bowl na Philadelphia Eagles, timu iliyokuwa imewaangusha makwotabeki mara 70 msimu ule. Usiku huo Mahomes hakuangushwa hata mara moja, na Chiefs wakashinda 38 kwa 35. Miaka miwili baadaye walikutana tena, ukuta wa Chiefs ukiwa umeyumba upya, Mahomes akaangushwa mara 6 na Eagles wakabeba kombe kwa 40 kwa 22. Mrushaji ni yuleyule.

Najua utaniambia hao wana mamilioni, nasi ni shule ya serikali. Ndiyo maana nataka nikueleze habari ya Jordan Mailata. Kijana wa Sydney, Australia, mcheza ragbi, mzaliwa wa wazazi Wasamoa. Eagles walimchukua mwaka 2018 katika raundi ya saba, ya mwisho, akiwa hajawahi kucheza mechi hata moja ya mpira wa Marekani. Walimkabidhi kwa kocha wa ukuta, Jeff Stoutland, ambaye alikuwa na timu hiyo tangu 2013. Akafundishwa kuanzia namna ya kusimama. Februari 2025, wakati Eagles wanabeba kombe, ukingo wa kushoto wa ukuta ulikuwa wake.

Nikisoma habari za Mailata nawaona watoto wetu. Wawili kati ya watano wako wa mbele walikuja nchi hii wakijua mpira wa miguu tu. Wana miili, wana utii, wanakuja mazoezini hata mvua ikinyesha. Ila kazi hii haichezwi kwa kipaji peke yake. Ni kazi ya mafunzo: hatua ya kwanza iende wapi, kiuno kishuke kiasi gani, mikono ipige kifuani na isitoke nje ya mabega. Wapinzani wawili wakipishana mbele yako, umwachie jirani yupi na umpokee yupi. Watano hawa lazima wasikie neno moja la senta na wahame pamoja kama watu waliobeba jeneza, maana wanne wakifanya sawa na mmoja akakosea, kwotabeki yuko chini vilevile.

Nani anawafundisha hayo? Kocha wao aliondoka mwaka jana na nafasi yake haijajazwa. Warushaji na wapokeaji mliwapeleka kambi ya wiki mbili wakati wa likizo, jambo zuri, nawashukuru. Wale watano walibaki nyumbani. Jumanne nilifika mazoezini mapema nikawakuta kwenye kona ya uwanja, wanasukumana wenyewe kwa wenyewe, hakuna mtu mzima karibu. Kile chombo cha chuma chenye mito cha kusukumia kipo nyuma ya ghala, mto mmoja umepasuka, sponji imetoka nje na kulowa. Mwanangu aliniambia hawajakitumia tangu Agosti.

Ninaomba mambo matatu. Mtafute kocha wa ukuta, hata wa muda, hata mstaafu wa chuo cha jirani anayeweza kuja siku tatu kwa wiki. Mtengeneze kile chombo. Baba wa senta wetu ni fundi wa kuchomea vyuma na amesema atakirekebisha bure mkimruhusu kukichukua, na mto mimi mwenyewe nitaushona. La tatu, mrudisheni yule mtoto uwanjani Ijumaa ijayo, na kocha mkuu amwambie mbele ya wenzake kwamba hakutolewa kwa kosa lake. Mwanangu na wenzake wanne wako tayari kusimama hapo na kulisema hilo pamoja naye. Nimewauliza.

Jumatatu natoka kazini saa nane mchana. Saa tisa nitakuwa ofisini kwako pamoja na baba wa senta, na gari lake la mizigo litakuwa nje.

Wako katika michezo,
Mama wa namba 64