Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa kuachana na ile 70

Ndugu wanachama, asalam aleikum, Bwana asifiwe, na shikamooni nyote mlionitangulia kwenye kazi hii. Mkutano wetu pale Chumbageni wengi hamkufika, wa Lushoto mvua iliwazuia na wa Pangani walikuwa zamu, kwahiyo naandika kirefu ili kila mtu apate kilichozungumzwa. Mambo ya hela ataleta mweka hazina, mimi nasema tu ambao ada bado tumalizie kabla ya Ramadhani. Nafasi yangu nataka niitumie kwa jambo moja lililotuchukua karibu mwaka mzima, alama ya kufaulu kwenye mafunzo ya doli, yaani lile la plastiki mfano wa mtoto mchanga tunalofanyia mazoezi.

Nianze na kilichonisukuma. Miaka michache nyuma, kituo sitakitaja, nilimpasisha kijana mmoja kwenye zoezi la kumpumulisha mtoto mchanga kwa bagi na maski, yaani mfuko wa kukamua hewa na kifuniko cha mdomo na pua. Chekilisti, ile orodha ya hatua za kukaguliwa, ilikuwa hatua 25, akapata 20, yaani 80%, na kupasi ilikuwa 70, nikasaini nikampa mkono. Wiki chache baadae niko nae usiku leba, mtoto katoka kalegea, halii. Kijana kamkausha vizuri, kaita msaada, alafu kashika bagi anakamua kweli kweli na kifua hakipandi. Hewa yote inatokea pembeni ya maski, unaisikia inapita kwenye shavu la mtoto, na yeye anahesabu kwa sauti kama nilivyomfundisha, macho yako kwenye saa ya ukutani. Mkunga mwenzetu akaingiza mkono, akanyanyua kidevu, akabana maski upya, kifua kikapanda, mtoto akapona alhamdulillah.

Asubuhi nikaenda kuitoa karatasi yake ya mtihani kwenye faili. Hatua tano alizokosa ni hizi: kichwa kukaa sawa, maski kuziba, kutazama kifua kama kinapanda, kurekebisha kisipopanda, na kuangalia mapigo kwenye kitovu. Alizopata ni pamoja na kunawa mikono, kupanga vifaa, kuongea na mama na kuandika kwenye faili. Zote zina umuhimu wake lakini hazimpi mtoto hewa, na mimi nilizijumlisha zote kama vile zina uzito mmoja. Kosa lilikuwa langu mimi niliyempasisha, sio la yule kijana.

Na ile 70 nimeuliza kila mkufunzi hapa mkoani imetoka wapi, hakuna aliyenijibu. Tumeikuta na tumeiendeleza.

Ndio mwaka huu tukakaa wanane, wakunga, manesi wa wodi ya watoto wachanga na madaktari wawili vijana, siku mbili nzima, chai na vitumbua, tukaanza upya. Njia tuliyotumia aliieleza Mmarekani mmoja, William Angoff, mwaka 1971, na mwenyewe alisema wazo kalipata kwa mwenzake Ledyard Tucker. Inakwenda hivi, unamfikiria mtu wa mpakani, sio hodari na sio mbovu, ndo kwanza anatosha kuachwa peke yake na mtoto. Alafu unachukua hatua moja moja ya chekilisti unajiuliza, watu 100 wa aina hiyo, wangapi wataifanya sawasawa? Kila mtu anaandika yake kimya kimya bila kuchungulia, mnatoa wastani wa kila hatua, wastani zote zikijumlishwa (80 kati ya 100 inahesabika hatua 0.8) ndo alama ya kupasi. Baadae mnazisoma kwa sauti, waliopishana sana wanaelezana sababu, mnaandika tena raundi ya pili.

Kwenye maski kuziba ndo tulikwama. Daktari kijana kaandika 90, mimi 80, Bi Mkubwa wetu, ambae wengi humu kawapokea wadogo zenu na watoto wenu, kaandika 50. Tukamuuliza mama vipi mbona umeshusha hivyo. Hakujibu kwa maneno kwanza. Akachukua doli, akalijaza maji ya uvuguvugu hadi likawa na uzito na joto la mtoto kabisa, akalipaka mafuta kidogo usoni kwasababu mtoto anazaliwa anateleza, akazima taa ya ukumbi, akamwambia daktari haya mpumulishe. Kwa mwanga wa simu tukaona kifua kinapanda mara moja, kinakataa mara tatu. Ndo akasema, "Wanangu nyie mnamfikiria mwanafunzi wa mchana, mie namuwaza wa saa tisa usiku umeme umekatika." Hakuna aliyebaki na namba yake ya kwanza. Na toka siku hiyo doli letu linajazwa maji ya uvuguvugu na kupakwa mafuta kila mtihani, kama mazingira ya mtihani sio ya leba basi alama yoyote utakayoiweka haikuambii kitu.

Hesabu ikatupa hatua 21 kati ya 25, yaani 84%. Hapo mimi nilitaka tufunge kikao lakini dada mmoja wa Muheza akauliza swali ambalo naliona ndo la maana kuliko yote ya mwaka huu: je mtu akipata 21 na zile nne alizokosa zote ni za hewa? Angepasi, sawasawa na kijana wangu. Wataalamu wa Chicago, Rachel Yudkowsky na wenzake, waliliandikia hili mwaka 2014, kwamba hatua zinazogusa usalama wa mgonjwa zisichanganywe na nyingine kwenye jumla. Tukazitoa tano tukaziita za lazima: kuanza kumpumulisha ndani ya dakika moja, kichwa, maski, kifua kupanda, na kurekebisha kisipopanda. Ukikosa hata moja hujapasi, hata ukiwa na 24. Kisha tukajipima kwa njia nyingine, wakongwe wa leba wakafanya zoezi lile lile, na wanafunzi wa mwanzo kabisa nao, ukichora kwenye grafu wangapi wamepata kila alama, kila kundi na mstari wake, unaona mistari inakatiana wapi, na ilikatiana jirani na hiyo 21. Nililala vizuri siku ile.

Najua kuna manung'uniko. Wapo waliosema mwenyekiti kapandisha alama kuwafelisha watu, na nimewasikia sio kwamba nadharau. Jamani hapa hakuna kufeli kwa maana ya shule, hujafika leo unaelekezwa pale pale ulipokosea, unafanya mazoezi unarudi. Muda wa kila mtu ni wake, kiwango ni kimoja. Mimi mwenyewe nilirudia, mara ya kwanza nilichelewa kurekebisha kichwa, na nilirudia mbele ya wanafunzi wangu.

Na cheti cha siku moja tusikitegemee. Wenzetu wa hospitali ya Haydom kule Mbulu walifundishwa kumsaidia mtoto kupumua mwaka 2010 kwa siku moja, kwenye doli wakawa wazuri zaidi, ila leba walivyowahudumia watoto hakukubadilika. Kilichobadilisha ni mazoezi mafupi ya mara kwa mara hapo hapo kazini, ndo vifo vya siku ya kwanza vikapungua. Hao hao walipima wakakuta kila sekunde 30 unazochelewa kuanza kumpumulisha, hatari ya kufa au kulazwa muda mrefu inapanda kwa 16%. Na mafunzo hayo hayo yalipojaribiwa kwenye hospitali 8 za nchi yetu, matokeo yakatoka 2013, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kwa 47%. Kwahiyo mafunzo yanaokoa, hilo halina ubishi, ila inabidi mkono urudie. Ndio maana tumekubaliana kila mwanachama anapimwa upya kila miezi mitatu.

Kuhusu kuweka mrija kwenye mshipa wa kitovu hatujafika mbali. Doli la hilo hatuna, tunatumia vipande vya vitovu vyenyewe kwa ruhusa ya mama, na nashukuru wamama wa huku wanakubali ukiwaeleza vizuri. Wengi wanakosea kwenye kutambua vena, ndo mshipa wa kupitisha mrija, ni moja, pana, ukuta wake mwembamba, ateri ni mbili ndogo ngumu zimesimama. Chekilisti ipo ila kiwango chake bado, tutakaa tena. Kuingiza mrija wa hewa kooni tumeuacha kwanza kwasababu wanaoufanya mkoani ni wachache. Branula, ile ya kuwekea dripu, tutaifikia.

Doli mawili yanavuja na moja kifua kimegoma. Wa Korogwe na Handeni mtachukua lile zima kwa zamu, wiki mbili mbili, na linarudi likiwa limekaushwa ndani maana ukungu ndo umetuulia haya. Funguo ya kabati iko kwa Bi Mkubwa. Upimaji unaofuata ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa mbili asubuhi, na naanza mimi.