Riwaya ya mapenzi ya zama za Lupa: tumwulize mtunzi kuhusu msichana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nami nichangie mjadala juu ya riwaya ya mfululizo ambayo gazeti lako limekuwa likiichapa kila Jumamosi, ile inayosimulia mapenzi ya kijana na msichana wa Rungwe katika miaka ya kati ya Vita Kuu mbili za Dunia. Nimezisoma barua za wasomaji wenzangu kwa makini, kwa sababu ni nadra riwaya ya Kiswahili kuwekwa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, na ni nadra zaidi kuwekwa katika kipindi hicho, ambacho watunzi wengi hukiruka wakitoka Majimaji na kutua moja kwa moja katika harakati za uhuru. Nimeifurahia sana kazi hii, na kwa hiyo nasikitika kuona kwamba sehemu kubwa ya lawama imemwangukia mtunzi mahali asipokuwa na hatia, wakati mahali alipoteleza kweli hapajaguswa na mtu.

Barua zilizonikera zaidi ni zile zinazodai kwamba mapenzi ya namna hii, ya kijana kumpenda binti na binti kumpenda kijana kabla wazee hawajaketi, ni ya kubuni tu, kwa kuwa babu zetu walichaguliwa wachumba na wazazi wao. Msomaji mmoja wa Mbeya aliandika kuwa mtunzi amewachukua vijana wa leo na kuwavisha nguo za zamani. Sikubaliani naye hata kidogo. Ni kweli kwamba ndoa ya Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, ilisimama juu ya ng'ombe wa mahari, na kwamba ng'ombe hao walikuwa mikononi mwa baba. Kijana aliyechunga ng'ombe wa baba yake tangu utotoni, na baadaye akamlimia mashamba, alisubiri mpaka baba aridhike kumtolea mahari, na kusubiri huko kuliweza kuchukua miaka mingi, hasa pale ambapo baba mwenyewe alikuwa bado anatumia ng'ombe hao kujiongezea wake. Lakini mtu anayesema kwamba katika kusubiri huko hapakuwa na mapenzi, anasema kwamba vijana wale hawakuwa watu. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti wao Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika kwa kirefu juu ya mvutano huu wa vizazi, uliohusu ng'ombe na wanawake, na kesi za ndoa na za kurudishiana mahari zilikuwa sehemu kubwa ya kazi ya mabaraza yaliyokuwa chini ya machifu. Watu hawapelekani barazani kwa jambo ambalo halimo mioyoni mwao.

Jambo ambalo mtunzi ameliona vizuri, na ambalo wakosoaji wake wamelipita, ni kwamba baada ya Vita ya Kwanza kijana alipata njia ya kuwafikia ng'ombe bila kupitia kwa baba yake. Njia hiyo ilikuwa Lupa, machimbo ya dhahabu ya upande wa Chunya. Dhahabu ya huko ilianza kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mji wa Mbeya wenyewe ulianzishwa mwaka 1927 kwa sababu ya shughuli hizo. Kisha ukaja mdororo mkubwa wa uchumi uliofuata mwaka 1929, bei za mkonge na kahawa zikaporomoka, na mahali pengi nchini kazi za mshahara zikapungua. Dhahabu peke yake ilikwenda kinyume. Uingereza ilipoacha kuifunga sarafu yake na dhahabu mwaka 1931, na Marekani ilipopandisha bei ya wakia moja kutoka dola 20.67 hadi dola 35 mwaka 1934, mchanga wa mito ya Lupa ulipata thamani ambayo haukuwa nayo kabla. Ndiyo maana sura zile za kijana kuvuka milima ya Mbeya na kuteremkia upande wa Chunya zina nguvu: anakwenda kutafuta mke katika miaka ambayo wengine wanapoteza kazi, na analijua hilo.

Tukumbuke pia kodi. Serikali ya Tanganyika iliitoza nyumba na kichwa, na mwanamume mwenye wake wengi alilipia nyumba ya kila mke. Ng'ombe hawakupokelewa kwa karani wa kodi, zilitakiwa shilingi. Katika sura ambayo mimi naiona kuwa bora kuliko zote, baba wa msichana anakaa usiku akipima kama amwoze binti yake kwa mzee mwenye ng'ombe, au amngoje kijana ambaye huenda akarudi na shilingi. Msomaji wa Makambako aliiita sura hiyo "mahesabu matupu yaliyoingizwa katikati ya mapenzi". Kwangu mimi hapo ndipo mapenzi na historia vilipokutana kwa ukweli, kwa kuwa kila hesabu anayoifanya mzee yule inagusa shingo ya binti anayelala chumba cha pili.

Lipo pia ombi la msomaji wa Iringa, aliyetaka riwaya iache habari za wapenzi na isimulie fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ambalo kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliamuru lirudishwe ndani ya miezi sita na ambalo halikurudi Kalenga mpaka mwaka 1954. Hilo ni jambo zito, na muda wote wa kati ya vita mbili Wahehe waliishi wakilisubiri. Linastahili riwaya yake. Lakini kumwambia mtunzi aliyechagua Rungwe kwamba historia ya kweli ni ya machifu peke yao ni kumnyang'anya haki ya kusimulia watu ambao majina yao hayakuandikwa katika mkataba wowote.

Kuhusu makosa ya kihistoria, naomba tupambanue lililo kosa na lisilo kosa. Ndege inayotua Mbeya mwaka 1932 si ndoto ya mtunzi. Shirika la Imperial Airways lilianza safari za kuunganisha Misri na Afrika Kusini mwaka huo, na Mbeya kilikuwa kituo chake kimojawapo. Mmisionari Mskoti katika misheni ya Wajerumani naye alimshangaza msomaji mmoja, lakini Wamoravian Wajerumani walioanzisha kituo cha Rungwe mwaka 1891 waliondolewa wakati wa Vita ya Kwanza, na Waskoti kutoka Livingstonia, upande wa Nyasaland (Malawi ya leo), ndio walioangalia makanisa hayo hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurejea katikati ya miaka ya 1920. Wala barua za mapenzi hazipaswi kumshangaza mtu. Shule za misheni zilikuwa zimefundisha kusoma na kuandika tangu zama za Wajerumani, na kuanzia mwaka 1923 gazeti la Mambo Leo lilichapa barua na mashairi ya wasomaji Waafrika kutoka pembe nyingi za nchi. Aliyeweza kuliandikia gazeti la Dar es Salaam aliweza kumwandikia mchumba wake, na asiyejua kuandika aliandikiwa na mwenzake.

Hata hivyo, wapo waliokosoa kwa haki. Kijana hawezi kushuka kwenye treni Mbeya mwaka 1934, kwa kuwa reli ya TAZARA ilijengwa katika miaka ya 1970, na kabla yake reli iliyokuwa karibu ilikuwa ile ya Kati, iliyopitia Dodoma. Wala baba wa msichana hawezi kudai rupia mwaka huo, kwani shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshachukua nafasi yake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Labda angeitaja kwa mazoea ya kizee, lakini mtunzi amemfanya aihesabu mkononi. Makosa haya yanarekebishika kwa kalamu nyekundu katika mchana mmoja, na sioni sababu ya kuyafanya kilio cha majuma mengi.

Ninalotaka kulisema hasa ni juu ya msichana. Tangu kijana aondoke kwenda Lupa, tunamfuata yeye kila mahali: tunajua alilala wapi, alikula nini, alimwogopa msimamizi yupi, na aliosha mchanga namna gani. Msichana hupewa aya moja au mbili mwishoni mwa sura, na katika aya hizo huwa amesimama mlangoni akitazama njia ya vumbi inayotoka Mbeya. Basi hilo tu. Mimi ni mkazi wa Tukuyu, na ningependa kumweleza mtunzi kwa heshima kwamba mji huu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kwamba katika mwezi wa Aprili, ambamo amemweka binti yule akitazama vumbi, asingeona hata migomba ya jirani kwa ukungu. Lakini hata kama vumbi lingekuwepo, asingekuwa na nafasi ya kusimama.

Kwa Wanyakyusa wa zama hizo kulima kwa jembe ilikuwa kazi ya wanaume, na wanawake walipanda, wakapalilia, wakavuna na kupika. Vijana walipoondoka kwa mamia kwenda machimboni, nani alishika jembe? Swali hili peke yake lingetosha kumpa msichana sura nzima. Marehemu bibi yangu, aliyekuwa msichana katika miaka hiyo, hakuwa na kawaida ya kusimulia mume wake alivyokwenda Lupa bila kutanguliza habari za nani alimlimia shamba, kwa malipo gani, na nani alikataa. Katika masimulizi yake, kuondoka kwa mwanamume lilikuwa jambo lililotokea nyumbani kwanza, kabla halijatokea njiani. Nami nilitarajia kulikuta jambo hilo katika riwaya ambayo mtunzi wake amechukua taabu ya kujifunza bei ya wakia ya dhahabu.

Vilevile, mzee mwenye ng'ombe hakukaa kimya akimngoja kijana arudi. Mtunzi ametuambia kuwa alishapeleka posa. Je, binti alijibu nini? Wanawake wa miaka ile hawakuwa mabubu. Wapo waliotoroka na wapenzi wao na kuwaacha wazee wakidaiana ng'ombe. Wapo waliosimama mbele ya baraza na kusema hawamtaki mume. Wapo waliofunga safari wenyewe kwenda machimboni, wakauza chakula na pombe, na wakarudi na fedha zao au wasirudi kabisa. Wapo pia walioingia misheni, ambako sheria ya kanisa dhidi ya kuoa wake wengi iliwapa hoja ya kumkataa mzee mwenye wake wanne bila kumtukana baba. Simwambii mtunzi amchagulie binti yule mojawapo ya njia hizo. Nasema kwamba njia hizo zilikuwepo, na kwamba msichana mwenye akili, kama alivyochorwa katika sura za mwanzo alipokuwa akishindana kwa maneno na shangazi zake, angekuwa ameshazipima zote kabla ya mvua za pili.

Kuna dalili moja ambayo wasomaji wenzangu naomba waitazame tena. Barua za kijana kutoka Chunya zimechapwa zote, tangu salamu hadi sahihi. Tunaambiwa kwamba msichana alisoma misheni, na kwamba alimjibu kila mara. Lakini hakuna hata barua moja ya msichana ambayo tumeisoma. Wenzangu waliolalamika kwamba mapenzi haya hayaaminiki walihisi upungufu uliopo kweli, wakaupa jina lisilo lake. Penzi la upande mmoja haliaminiki katika zama zozote, za babu zetu wala za wajukuu zetu, na mtunzi ametupa upande mmoja tu. Angetupa barua tatu za binti yule, zenye habari za shamba, za posa ya mzee, za ng'ombe aliyekufa, na za hasira yake kwa mtu anayemwandikia maneno matamu bila kumwuliza anaishije, nina hakika msomaji wa Mbeya asingesema habari za nguo za zamani.

Kwa kuwa riwaya bado inaendelea, na kwa kuwa umetangaza, Ndugu Mhariri, kwamba baadaye itatolewa kama kitabu, naomba umfikishie mtunzi ombi hili pamoja na shukrani zangu. Aiondoe treni na arekebishe rupia, lakini asiishie hapo. Naomba pia gazeti lifungue ukurasa kwa wazee wa Rungwe na Chunya ambao mama zao au bibi zao waliwasimulia miaka ya Lupa kwa upande wa waliobaki nyumbani, maana wazee hao hawapo wengi, na mtunzi atawahitaji kuliko anavyotuhitaji sisi wenye kuhesabu tarehe. Sura zilizobaki zinaelekea kwenye kurudi kwa kijana akiwa na ng'ombe wake. Atakapofika uani kwa baba mkwe, natamani msichana awe na neno la kumwambia ambalo sisi wasomaji tumekuwa tukilijua kwa majuma kadhaa, na ambalo kijana, pamoja na barua zake zote, hakuwahi kulidhania.

Wako katika kusoma,
Mwalimu mstaafu,
Tukuyu, Mbeya