Riwaya yetu ijayo

Habari zenu wasomaji. Tuchague riwaya kabla ya Ijumaa usiku.

Kwa wanaopenda kuchemsha bongo, napendekeza Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960). Mpelelezi wake, Bwana Msa na kiko chake, anaona vitu vidogo ambavyo wengine wamevipita, na raha yote iko hapo, kushindana naye. Wanaotaka roho juu waseme, hiyo ni riwaya ya aina nyingine, ya taharuki: mhalifu huenda tukamjua mapema, hofu ni kama atawahiwa.

Kabla ya kupiga kura, soma kurasa 10 za kwanza. Kisipokushika, usikipigie. Maelezo ya jalada la nyuma yaacheni, mengine hufichua mno. Na aliyekwisha kukisoma, tafadhali sana, asimtaje muuaji humu.