Jirani mmoja wa BGP, mistari minne: mbona bei hii?

Swali hilo tunaulizwa kila mara, ila juzi limekuja na ukali. BGP ndiyo lugha ambayo mitandao inatumia kuambiana njia za kufikia anwani za intaneti; jirani ni mtandao au ruta unayozungumza nayo, na mistari minne ni ile ya mipangilio inayowaunganisha. Mteja wetu, mtoa huduma za intaneti mwenye ruta (vifaa vya kuelekeza trafiki) mikoani, ameona ankara ya kumuunganisha na majirani kwenye TIX, kituo cha watoa huduma kubadilishana trafiki, Dar es Salaam, akasema tumemwibia. "Kijana wangu wa zamu anaandika namba ya AS (namba ya mtandao wa jirani) na anwani ya IP, sesheni (mazungumzo ya ruta mbili) imepanda. Nyie mnatoza nini?"

Kupandisha sesheni hatutozi. Tunatoza filta, yaani kanuni za kuchuja: njia zipi tupokee kwa jirani, zipi tumtangazie, mwisho ngapi, na nani apigiwe simu saa nane usiku mambo yakiharibika.

Mkato wa mafundi wengi ni kunakili. Anachukua konfigi (mipangilio) ya jirani wa kwanza, anabadilisha IP na AS, anabandika. Jina la filta linabaki la yule wa kwanza, au herufi moja inakosewa. Na zipo ruta ambazo ukizitajia filta isiyokuwepo hazigomi, zinapitisha kila kitu. RFC 8212, waraka wa viwango vya intaneti wa 2017, inataka jirani wa nje asiyewekewa sera asipitishiwe chochote, lakini vifaa vingi vya zamani haviijui.

Tuliwahi kuitwa na mteja mwenye watoa huduma wawili wa juu, yaani wanaomuuzia intaneti. Intaneti nzito tangu asubuhi, na alishaomba kuongezewa kasi. Kumbe njia alizopokea kwa wa kwanza alikuwa anamtangazia wa pili. Watoa huduma wengi huzipa kipaumbele njia zinazotoka kwa mteja anayewalipa, maana huko ndiko pesa iliko. Basi yule wa pili akaanza kumwagia trafiki isiyomhusu. Mteja wetu amegeuka barabara kuu ya watu wengine, na anailipia mwenyewe! Filta ya kutoka ilikuwa kazi ya muda mfupi. Kasi aliyotaka kununua ingekuwa bili ya kila mwezi.

Wala si mambo ya wadogo tu. Tarehe 24 Juni 2019 kampuni ya chuma ya Pennsylvania, Marekani, ilipitisha njia za mtoa huduma wake mmoja kwenda kwa Verizon, mtoa huduma mkubwa, naye Verizon akazipokea na kuzisambaza. Trafiki ya Cloudflare, kampuni inayohudumia tovuti nyingi, na wengine ikapotelea huko. Kikomo cha idadi ya njia kingeikata sesheni ile mapema.

Kikomo nacho kina kazi yake. Tunatazama jirani anatangaza ngapi, tunaacha nafasi kidogo, akikua tunarudi kukirekebisha. Kuna aliyeweka milioni moja "kisije kikasumbua". Jedwali la IPv4 la dunia nzima, yaani njia zote za anwani hizo, ni takriban idadi hiyo. Kikomo hicho ni pambo.

Majirani wakiwa wengi tunawapanga kwa makundi: watoa huduma wa juu, wateja, wenzetu wa TIX. Jirani mpya anarithi sera ya kundi lake, ndiyo maana wa ishirini ni nafuu kuliko wa kwanza. Na huyu aliyelalamika juzi alikuwa na ruta 20, kila moja ikiongea na kila nyingine: sesheni 190 za ndani. Tumezihamishia kwenye ruta mbili za kuakisi njia, zinazopokea njia na kuzigawia nyingine. Hilo hakulitaja.

Ukitaka makadirio ya bei, tuletee namba yako ya AS, orodha ya anwani unazotangaza, na simu ya mtu wa zamu wa upande wa pili. ROA zako, yaani vyeti vinavyosema AS ipi iruhusiwe kutangaza anwani zako, ziwe zimesajiliwa AFRINIC, msajili wa anwani za IP Afrika. Kama bado, tutakusaidia, ila ni mstari mwingine kwenye ankara. Nywila za sesheni tafadhali usizitume kwenye grupu la WhatsApp.